Viazi vya Isongole na Mikutano ya Wasomi wa Asia

Msikilizaji, nianze kwa kukuomba usigeuze stesheni. Mada ya leo ikitajwa kwa jina lake rasmi inasikika kama shughuli ya watu wa mbali wenye vitambulisho vifuani na mabegi ya semina: Chama cha Masomo ya Asia Barani Afrika. Mimi nataka kukizungumzia chama hicho kutoka hapa Isongole, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ambako magunia ya viazi mviringo yanasubiri Fuso na baridi ya Uporoto haina mzaha na mtu. Hoja yangu ni moja na nitaitoa mapema. Kuisoma Asia ni haja ya mkulima wa Rungwe sawasawa na ilivyo haja ya profesa wa Mlimani, Dar es Salaam, na chama hicho kitakuwa chetu kweli siku kitakapoanza kufanyia kazi maswali yanayotoka mashambani.

Historia ya chama si ndefu. Novemba 2012 wasomi kutoka Afrika, Asia, Ulaya na Marekani walikutana Chisamba, kaskazini ya Lusaka, nchini Zambia. Wakaulizana kwa nini bara letu, lenye biashara kubwa namna hii na Asia, lina walimu wachache mno wanaoijua Asia kwa undani: lugha zake, mashamba yake, siasa zake, dini zake. Hapo ndipo chama kilipopata mwanzo. Septemba 2015 ukafanyika mkutano mkubwa wa kwanza, Accra, katika Chuo Kikuu cha Ghana, chini ya kaulimbiu iliyosema kwamba Afrika na Asia ni mhimili mpya wa maarifa. Zamu ya Tanzania ikaja tarehe 20 hadi 22 Septemba 2018, mwenyeji akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Juni 2025 wakakutana Dakar, Senegal, katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Katika safari hiyo yote wamesaidiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Masomo ya Asia, ambayo makao yake yako Leiden, Uholanzi.

Nasema hivyo bila kinyongo. Waholanzi wametusaidia kukutana, nao wanastahili shukrani. Ila hebu tafakari kidogo: Mwafrika na Mwasia, ili wakae meza moja wazungumzie mambo yao wenyewe, wamehitaji mtu wa Ulaya awaandalie viti. Haikuwa hivyo daima. Aprili 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia, kwa wito wa nchi tano za Asia. Februari 1963 mkutano wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia ulifanyika hapa hapa nchini kwetu, mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, Tanganyika ikiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tangu uhuru. Mikutano ile ilikuwa ya siasa, ya kupinga ukoloni, na iliacha alama. Kilichokosekana ni wanafunzi: vijana wa kukaa miaka kule, kujifunza lugha, kurudi na kufundisha wengine. Urafiki wa serikali ulitangulia, maarifa yakabaki nyuma, na mpaka leo hayajaufikia.

Sasa Isongole inahusikaje? Tazama tu kinachopita barabarani. Fuso inayobeba viazi kwenda Dar es Salaam ni ya Japani. Noah inayokupeleka Tukuyu ni ya Japani. Bodaboda ni Boxer au TVS kutoka India, au SanLG kutoka China. Kitenge alichojifunga mama anayeuza karoti kimechapwa China au India. Kuna ya zamani zaidi. Mgomba, ambao huku Rungwe ndio msingi wa chakula, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani, nao ulifika Afrika zamani sana. Mchele wa Kyela tunaojivunia ni nafaka yenye asili ya Asia pia. Chai ilipandwa Kyimbila, wilayani humu, mwaka 1904, wakati wa Wajerumani, na leo familia nyingi za Katumba na Mwakaleli zinasomesha watoto kwa majani ya mmea wa Kichina na wa Kiassam. Ng'ambo ya pili ya milima hii, upande wa kaskazini, inapita reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976. Teremka upande wa kusini utakuta mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1980. Wapo wazee katika mkoa huu waliofanya kazi bega kwa bega na Wachina, wakajifunza kutoka kwao namna ya kuchomelea, kupima ardhi, kutengeneza injini. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Inazikwa pamoja nao.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Kitabu kinachojulikana zaidi kuhusu TAZARA na watu waliokaa kando yake, kilichotoka mwaka 2009, kimeandikwa na Jamie Monson, mwanahistoria wa Marekani. Ni kitabu kizuri, kimesikiliza sauti za wafanyakazi wenyewe. Makala inayotajwa sana kuhusu kilimo cha viazi katika milima hii ya Uporoto ilichapishwa mwaka 1996 na Jens Andersson, kwa Kiingereza, katika jarida la Uingereza. Nayo ni kazi ya heshima: inaonyesha jinsi wakulima wenyewe, na si maofisa peke yao, walivyoamua aina za mbegu na njia za kulima. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, Godfrey na Monica Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa na vitabu vyao vikasomwa dunia nzima. Watu wa milima hii wameandikwa, tena wameandikwa vizuri. Swali ni je, sisi tumemwandika nani?

Waasia wenyewe hawakukaa kimya. Septemba 1961, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Kiswahili kinafundishwa Beijing, kinafundishwa Osaka, kinafundishwa Korea Kusini katika Chuo Kikuu cha Hankuk, kimefundishwa Delhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Toshisada Nishida alianza kazi yake ya sokwe wa Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1965. Wenzake wengine walikwenda Mbinga kujifunza ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayozuia maji kubeba udongo wa mlimani, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine. Ushirikiano huo ukazaa kituo cha maendeleo endelevu vijijini pale Morogoro mwaka 1999. Fikiria, Mjapani anajifunza Kiswahili, anakaa kijijini Umatengo, anakula ugali, anapima shimo moja baada ya jingine, anaandika. Sasa mgeuze. Kijana wa Sokoine aliyezaliwa Katumba, mtoto wa mkulima wa chai, apelekwe Shizuoka, mkoa wa chai wa Japani, ajifunze Kijapani, akae na wakulima wadogo wa huko, aone vyama vyao vinavyopanga bei na kiwanda, kisha arudi atuambie. Hilo ndilo ningependa liitwe masomo ya Asia. Gharama yake, ukiilinganisha na semina moja ya siku tatu kwenye hoteli ya ufukweni, si kubwa.

Sidai kwamba hatuna wasomi. Profesa Abdul Sheriff wa Zanzibar ametumia maisha yake kuieleza Bahari ya Hindi kama uwanja mmoja wa watu, majahazi na biashara, na kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu kinasomwa mpaka leo. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amechimba pwani na visiwani akitafuta ushahidi wa biashara ya kale kati yetu na Asia. Chuo hicho kina kituo cha masomo ya China, na tangu 2013 kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina. Zanzibar mwaka 2023 imepokea tawi la IIT Madras, kimoja cha vyuo vya teknolojia vya India, nalo ni la kwanza kabisa la vyuo hivyo kufunguliwa nje ya India. Hayo ni mambo makubwa. Lakini ona yanakoelekea macho: pwani, bandari, visiwa, mji mkuu wa biashara. Ukitaja Asia kwa msomi wa Kitanzania, mawazo yake yanakwenda Kilwa, Lamu na Forodhani, kwenye vigae vya kauri ya Kichina. Vigae hivyo nami navipenda. Lakini Asia imepanda milima. Iko kwenye migomba ya Masoko na kwenye chai ya Mwakaleli, na sasa inaulizia maparachichi yetu: Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini, wakati Rais Samia yuko Beijing, ili parachichi la Tanzania liruhusiwe kuingia soko la China. Mkulima wa Rungwe anauza kwa watu ambao hajawahi kufundishwa lolote juu yao, hata wanavyolila parachichi lenyewe.

Nirudi kwenye viazi, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Kilikuja kwetu na wageni, kikapenda baridi ya Isongole kama kilizaliwa hapa. Lakini leo nchi inayolima viazi vingi kuliko zote duniani ni China, na ya pili ni India. China peke yake huvuna tani zaidi ya milioni tisini kwa mwaka. Januari 2015 serikali ya China ilitangaza mkakati wa kukifanya kiazi kuwa chakula kikuu cha nne, pamoja na mchele, ngano na mahindi. Kuna mji unaitwa Dingxi, mkoa wa Gansu, nchi kavu yenye mvua haba, ambayo zamani ilitajwa kwa umaskini, na leo inatajwa kwa viazi na kwa mbegu za viazi zinazoanzia maabara. Mkulima wa Isongole akisikia habari hiyo lazima ashtuke. Sisi tuna mvua, tuna udongo wa volkano, tuna baridi. Wao wametangulia kwa lipi?

India inatupa somo jingine, nalo naomba ulisikilize kwa makini kwa sababu linahusu mbegu, na mbegu ndiyo kidonda chetu. Zamani wakulima wa tambarare za kaskazini ya India walitegemea mbegu za viazi kutoka milima ya Himalaya, kwa sababu huko juu kuna baridi na vidukari, wale wadudu wanaosambaza virusi, ni wachache. Wataalamu wa taasisi yao ya utafiti wa viazi, ambayo iko Shimla, wakachunguza tabia ya kidukari mwezi kwa mwezi. Wakagundua kwamba hata huko tambarare kuna kipindi ambacho vidukari karibu havipo. Basi wakaelekeza hivi: mbegu ipandwe Oktoba, na ikifika mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, kabla vidukari havijazidi, mashina na majani yakatwe yote. Kirusi huingia kupitia jani ndipo kishuke kwenye kiazi. Ukikata jani mapema, umefunga mlango. Viazi vinaachwa ardhini vikomaze ganda, vinachimbwa, vinawekwa kwenye ghala baridi mpaka Oktoba nyingine. Kwa njia hiyo tambarare ikaanza kujizalishia mbegu safi, na mzigo wa mbegu ukaacha kuitegemea milima peke yake.

Unaona kilichofanyika? Hawakutegemea dawa ya bei kubwa peke yake. Walimchunguza mdudu na kalenda. Huku kwetu Uporoto tuna watafiti wetu pale Uyole, na aina za viazi zilizotoka mikononi mwao, kama Kikondo, zinajulikana na kila mama wa hapa. Lakini mkulima wa kawaida bado anachagua vile vidogo vilivyobaki baada ya kuuza, anavirudisha shambani, na pamoja navyo anarudisha mnyauko na virusi vya msimu uliopita. Mtu wa Uyole akikaa mwaka mmoja Shimla, na mtu wa Shimla akikaa mwaka mmoja Isongole, na mwanafunzi wa historia akaandika namna wakulima wa Punjab, huko tambarare, walivyokubali kukata majani mabichi ya viazi vyao, jambo ambalo kwa macho ya mkulima yeyote linaonekana ni kichaa, hapo tungekuwa na kitu mkononi. Swali la namna walivyoshawishika ni swali la wasomi wa jamii. Mtaalamu wa virusi hawezi kulijibu peke yake.

Halafu kuna soko. Wewe unajua lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, lakini gunia bado linashonewa kilemba juu, na mkulima anauza kilo nyingi kwa bei ya chache. Kule Bengal Magharibi, India, katika wilaya ya Hooghly, mkulima wa viazi hupeleka mzigo kwenye ghala baridi, anapewa hati, na hati hiyo ina thamani: anaweza kuishika akisubiri bei, au kuiuza. Sisi tumezoea stakabadhi ghalani kwenye korosho na ufuta. Kwa viazi hatujaizoea, kwa sababu viazi vinaoza na ghala baridi ni haba. Lakini nisikupambie. Hata huko Hooghly, mwaka wa mavuno makubwa bei huporomoka, hati hugeuka karatasi tu, na wakulima wenye madeni huumia vibaya. Ndiyo maana nasema tusome kwa kina. Atakayetembelea Bengal wiki moja na kupiga picha ghala atarudi na nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kutuletea deni ambalo wajukuu watalilipa.

Basi mikutano ya wasomi inafanya nini? Kwa haki kabisa, inafanya mengi. Inamkutanisha Mghana anayesoma Korea na Mtanzania anayesoma India, watu ambao wasingejuana. Inawapa vijana nafasi ya kwanza ya kusoma kazi zao mbele ya wakubwa. Dakar walipiga hatua nyingine: waliuita mkutano wao pia tamasha, wakaleta wasanii na mafundi wa kazi za mikono, wakafungua milango kwa watu wa mji. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nguo iliyotiwa rangi ya nili na fundi wa Afrika Magharibi, na nyingine ya fundi wa Asia, zikiwekwa pamoja, zinasema mambo ambayo karatasi ya kurasa 20 inaweza isiyaseme.

Kinachobaki ni lugha na mahali. Lugha zinazotawala mikutano hii ni Kiingereza na, Dakar, Kifaransa. Sikatai, watu wa nchi nyingi wanahitaji lugha ya pamoja. Lakini kila utafiti unaoigusa Afrika ya Mashariki ungeweza kuwa na kurasa mbili za Kiswahili, zilizoandikwa kwa ustadi, zipelekwe redio za jamii, vyuo vya ualimu kama Mpuguso, ofisi za kata. Mtu asiseme wananchi hawana hamu na Asia. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti kwa Kiswahili, watu waliacha shughuli wakaketi mbele ya televisheni, na ugomvi wa mama mkwe na mkaza mwana wa Beijing ukajadiliwa vijiweni kana kwamba ni wa nyumba ya jirani. Kwenye vibanda umiza vijana wanaangalia filamu za Kihindi na za Kikorea zenye sauti ya mtafsiri wa Kitanzania juu yake. Hamu ipo, tena imejaa. Wanaoijibu ni wafanyabiashara wa filamu, wakati wasomi wangali wanaandika maombi ya ruzuku.

Kuhusu mahali, mwaka 2018 wageni walifika Dar es Salaam, wakakaa siku tatu, wakarudi. Mkutano ukirudi tena Tanzania, na naamini utarudi, naomba siku za ziada zitengwe kwa ajili ya nyanda za juu. Wapande TAZARA, reli ambayo kila mmoja wao ataitaja katika hotuba yake, washuke Mbeya. Wapokelewe na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya na watafiti wa Uyole, waje Isongole, wakae na wakulima chini ya mwavuli wa ofisi ya kijiji. Wasije kutufundisha. Waje na daftari. Mkulima awaulize: Dingxi mbegu ya kwanza inauzwa shilingi ngapi, na nani anambeba mkulima anayeshindwa? Hooghly mwenye ghala ni mkulima, chama cha ushirika au tajiri wa mjini? Shizuoka vijana wanabaki kwenye chai au wanakimbilia Tokyo kama wetu wanavyokimbilia Dar es Salaam? Maswali matatu kama hayo, kila moja likichukuliwa na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, Mtanzania, mwenye kujifunza lugha ya huko kabla ya kupanda ndege, yangetosha kukipa chama kazi ya miaka mitano, na majibu yake yasomwe kwanza hapa, kwa Kiswahili, kabla ya kupelekwa Leiden.